Gari inalia ukikanyaga mafuta? Mlipe fundi asikilize kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi lakini hii haitakuwa fupi, ukiona imezidi kata unapotaka ila ile sehemu ya mauntingi, yani vikalio vya injini, iache, ndo yenye nyama.

Nimesoma barua ya yule msomaji wa Tabora anayelalamika kwamba gari yake inatoa mlio kila akikanyaga mafuta, kashabadilisha plagi, kashabadilisha beringi za mbele, sasa anaambiwa giaboksi imekufa na mlio upo palepale haujapungua hata kidogo. Nilianza kucheka halafu nikaacha, maana hiyo ni hadithi yangu mwenyewe ya mwaka jana hapa Kigoma, tofauti ni kwamba mimi sikufikishwa kwenye giaboksi, niliishia kwenye draivushafti, kile chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi. Kwa hiyo naandika kumjibu yeye lakini na wengine wenye magari ya mtumba kama ya kwetu wasikilize.

Mimi nakaa Mwanga, kazini kwangu ni huku chini karibu na stesheni ya reli, kwa hiyo kila jioni lazima nipande barabara ya Lumumba na ile miembe yake mpaka juu. Wanaoijua Kigoma wanakijua hicho kimlima, sio kirefu lakini ukiwa na gari ya cc 1500 na abiria watatu wa kuomba lifti ukifika katikati lazima ukandamize mguu. Ndo hapo ilipoanza. Ngrrrrrr. Mlio mzito wa chini ya miguu, yani kama mtu anasaga mahindi kwenye sakafu ya gari, na stelingi inatetemeka kidogo mkononi. Nikipunguza mafuta kimya. Nikikanyaga tena ngrrrrr. Na nikiwa naondoka asubuhi, nikitoa gia ya kurudi nyuma (R) kuweka ya kwenda mbele (D), kulikuwa na "ngu!" moja hivi kama kuna mtu kapiga teke kwa chini, hiyo sikuitilia maanani kabisa, nilidhani ndo uzee wa gari.

Fundi wa kwanza hakuipanda gari. Nakumbuka vizuri. Alipiga jeki, akashika tairi la mbele akalitikisa, akasema beringi hii bosi, zote mbili, ukibadilisha moja nyingine itafuata. Sikubisha, nani anabishana na mtu aliyepakaa oili mpaka kwenye viwiko. Beringi mbili na ufundi shilingi 110,000. Jioni napanda Lumumba, ngrrrrr. Nikarudi, akaniambia labda tairi. Fundi wa pili, huyu kijana wa chini ya mwembe na anajua maneno sana, akasema hao hawajui kazi, gari yako ni ya kuvuta kwa mbele na kinacholia ni draivushafti. Tukatafuta ya mtumba siku mbili nzima, ikaja na basi, shafti 140,000 ufundi 30,000. Ngrrrrr. Wa tatu akasema petroli chafu, akaniuzia chupa ya dawa ya kusafisha nozeli ya 25,000, nikamimina kwenye tenki, nikaendesha hadi Kasulu na kurudi kama alivyoelekeza ili ifanye kazi, sasa hiyo safari ndo ilinitia uchungu maana vilima vya njia hiyo mnavijua wenyewe, kila nikipanda gari inalia na mke wangu kakaa pembeni ananiangalia tu hasemi kitu. Jumlisha mwenyewe, 305,000 hiyo na mlio haujaguswa.

Mtu aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ujiji, zamani alikuwa karakana ya reli, siku hizi ana gereji ya uani kwake, hana hata bango. Nilimpata kwa kuelekezwa na dereva wa daladala. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kumweleza, mzee inalia ngrrrr hivi, nzito, kama kusaga. Akanikatiza.

"Mwanangu, sijakuuliza inaliaje. Nakuuliza inalia lini."

Nikabaki nimeduwaa. Hao watatu wote waliopita hakuna hata mmoja aliyeniuliza lini, wote waliuliza inaliaje halafu kila mmoja akatafsiri anavyojua yeye. Na ukifikiria vizuri mlio wa gari huwezi kuuelezea kwa mdomo, ngrrr yangu mimi ni brrr ya mwenzangu, kwa fundi mwingine inakuwa vuuu, lakini lini haina tafsiri mbili. Inalia gari imesimama au inatembea? Inalia mguu ukiwa kwenye mafuta tu au hata ukiutoa? Kwenye kona? Asubuhi injini ikiwa ya baridi au hata ikishapata moto? Ukirudi nyuma je? Alikuwa anauliza taratibu hata kalamu hana, mi najibu najibu, maswali mengine nikashindwa, akaniambia basi nenda, endesha siku mbili urudi na majibu. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani kuchukua daftari.

Nikarudi na majibu. Kabla ya yote akaniambia bei ya kusikiliza ni 10,000, tukipata ugonjwa tutaongea bei ya kutibu. Hapo naomba nikiri, Mhariri, moyoni nilisema huyu mzee mwizi, yani nilipe mtu asikilize? Nitarudi kwenye hili.

Cha kwanza alichofanya, gari imesimama, gia huru (N), akaniambia kanyaga polepole mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika halafu achia. Kimya, injini safi. Akasema sawa, kama kingekuwa kibati cha kukinga joto la ekzosi (bomba la moshi) kimelegea au mkanda au kitu chochote kinachofuata mizunguko ya injini peke yake, tungekisikia hapa hapa uani. Cha pili tukatoka barabarani, pale tambarare ya njia ya Ujiji, tukafika 60, akaniambia toa mguu kwenye mafuta tu uache itembee yenyewe, usiguse breki. Kimya. Kanyaga. Ngrrr. Toa. Kimya. Akasema unaona beringi zako zilikuwa nzima? Beringi ya tairi haijui kama umekanyaga mafuta au hujakanyaga, yenyewe inajua mwendo tu, ingekuwa imekufa ingeunguruma hata ukitoa mguu, halafu ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia ungesikia mlio unapanda na kushuka, ukikata kulia uzito unalalia magurudumu ya kushoto, mlio ukizidi hapo basi ni ya kushoto. Rahisi kiasi hicho. Nikahisi zile 110,000 zinanichoma mfukoni, na hazimo.

Cha tatu tukarudi uani. Akalala chini, akaangalia mipira inayofunika zile jointi za shafti, mizima, haijachanika, hakuna grisi iliyoruka ndani ya rimu. Akasema jointi ya nje ikifa inalia ta-ta-ta-ta ukikata kona huku umekanyaga mafuta, na mara nyingi mpira unakuwa umechanika kwanza, grisi imetoka, mchanga umeingia, sasa wewe walikubadilishia shafti ambayo grisi yake iko ndani bado haijaguswa. Mzee huyu ukimgusa kwenye grisi mtachelewa, akanikumbusha habari ya Liemba, ile meli yetu ya ziwani, kwamba Wajerumani walipoizamisha wenyewe mwaka 1916 huko karibu na mdomo wa Malagarasi waliipaka injini grisi kwanza, Waingereza wakaja kuiibua 1924 wakakuta mitambo bado inafaa na 1927 ikarudi kazini. Mitambo iliyozama majini! Halafu sisi mpira wa shafti ukichanika tunasema tutauona mwezi ujao.

Sasa cha nne ndo kilichomkamata mchawi. Akanisogeza gari kwenye uwazi, akawafukuza watoto wote, hakuna mtu kusimama mbele wala nyuma, akaweka vizuizi kwenye matairi, hendibreki juu, mguu wangu wa kushoto kwenye breki umekandamizwa kabisa, boneti iko wazi na yeye kasimama pembeni, sio mbele, pembeni. Weka D. Kanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, sekunde mbili, achia. Kilichotokea hata mimi nilikiona kwa ule upenyo wa chini ya boneti, injini iliinuka mbele kama mtu anayeamshwa kitandani ikalalia nyuma, na ngrrrr ikatoka hapo hapo gari imesimama. Weka R. Kanyaga kidogo. Injini ikainama mbele, kimya, hakuna mlio. Tukarudia D mara moja tu, akasema inatosha, ukiendelea unachemsha oili ya giaboksi bure.

Akazima, akakaa kwenye kigogo, akasema mauntingi ya mbele imekwisha.

Naomba nieleze hii kwa wasioijua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijui na nimeendesha magari miaka kumi na tano. Injini haijafungwa kwenye bodi chuma kwa chuma, imekaa juu ya vikalio vya raba vyenye chuma pande zote mbili, ndo hizo mafundi wanaziita mauntingi, kwenye gari kama yangu ziko nne, moja kulia, moja kushoto kwenye giaboksi, moja mbele moja nyuma. Ukikanyaga mafuta injini inasukuma magurudumu yazunguke kwenda mbele, na magurudumu nayo yanaisukuma injini irudi kinyume, ndo maana ukiwa D injini inataka kulalia nyuma na ukiwa R inataka kuinama mbele. Mauntingi ya mbele na ya nyuma kazi yake ni kuizuia isilale. Ya mbele ikikatika, ukikandamiza mguu kwenye mlima injini inainuka mbele na kulala nyuma kuliko kawaida, na kwenye gari yangu bomba la ekzosi linatokea upande wa nyuma wa injini, linashuka pale karibu na ule mhimili wa chuma wa chini. Umeshaelewa. Bomba linagusa mhimili, bomba linatetemeka, mhimili umeshika bodi nzima, gari nzima inakuwa ngoma. Ukitoa mguu injini inarudi mahali pake, bomba linaachana na mhimili, kimya. Na ile "ngu!" ya asubuhi ilikuwa ni injini inajirusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine maana haina wa kuishika.

Mimi bado nilikuwa na wasiwasi, ukishaliwa mara tatu hata anayekupa maji unamuuliza kayatoa wapi. Mzee hakukasirika. Akasubiri ekzosi ipoe, akachukua chaki ya shule ya mjukuu wake, akaupaka mhimili sehemu ile yote ikawa nyeupe, akaniambia nenda kapande mlima wowote urudi. Nikaenda, ngrrr mara tatu, nikarudi. Tukaingia wote chini, mimi na shati la kazini. Chaki yote ipo isipokuwa sehemu moja ya ukubwa wa kidole gumba, imefutika na chuma kinang'aa kama shilingi mpya, na kwenye bomba juu yake kuna alama ile ile. Sikuwa na swali tena.

Kuitoa ile mauntingi haikuwa kazi kubwa, jeki chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, lakini kwanza unaweka kipande cha ubao mnene katikati usije ukaitoboa sampo, unainua injini kidogo tu mpaka uzito utoke kwenye raba, unafungua bolti. Ilitoka vipande viwili, raba imeachana katikati kama mdomo, na ilikuwa laini inanata, imelowa oili. Hapo mzee akaacha kazi akaanza kutafuta oili inatoka wapi, kumbe gasketi ya kava la juu la valvu ilikuwa inavuja kidogo kidogo, inashuka ukutani mwa injini mpaka kwenye raba, na raba ya aina hiyo ikinyweshwa oili kila siku inavimba inaoza. Akasema nikikufungia mpya bila kuziba hapo juu utarudi kwangu baada ya muda na utasema spea za siku hizi feki. Kwa hiyo spea ya kwanza kubadilishwa kwenye ugonjwa wa kunguruma ilikuwa gasketi ya 15,000 ambayo hailii wala haitetemeki! Mauntingi yenyewe akakataa ya mtumba, akasema raba ya mtumba imeshazeekea kwa watu, nunua mpya, 70,000. Kufunga, anaacha bolti zimelegea kidogo kwanza, injini inawashwa, inawekwa D, inawekwa R, ikikaa ilivyotaka kukaa yenyewe ndo anakaza. Ufundi 30,000. Na ile 10,000 ya kusikiliza. Jumla 125,000, na tangu siku hiyo Lumumba napanda kimya, mpaka abiria wangu wa lifti wameuliza kama nimebadilisha gari.

Sasa nije kwako ndugu wa Tabora. Wewe umesema mlio wako ni kama kokoto kwenye kopo na unakuja ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo, gunia za mahindi umesema. Mimi sio fundi lakini nimekaa na mzee yule muda mrefu kuliko ulivyohitajika, nikawa naenda hata kama sina ugonjwa. Hebu fanya hivi kabla hujafungua giaboksi ya watu. Gari imesimama, N, pandisha mizunguko polepole kutoka chini mpaka 3,000. Kama kuna mahali pamoja kopo linalia halafu ukipita pale linanyamaza, hicho ni kibati cha joto cha ekzosi, bolti imeliwa na kutu, kila kibati kina mizunguko yake kinayoipenda. Injini ikipoa gongagonga bomba na vibati vyake kwa mkono au kwa kipande cha mti utakikuta kinacheza. Dawa yake ni klipu ndefu ya mpira wa rejeta, unaizungusha unakaza, shilingi elfu mbili tatu. Usikubali fundi akitoe akitupe akwambie hakina kazi, kile kinazuia joto lisiunguze waya na mipira na nyasi kavu ukipaki porini, na ninyi huko pori la miombo mnalo la kutosha.

Lakini kama imesimama hailii kabisa, na ukiwa na mzigo inalia, na ukipunguza mguu au ukishusha gia moja inanyamaza, hapo inawezekana injini yenyewe inagonga, yani petroli inajiwasha kabla au nje ya wakati wake kwa sababu ya joto au moshi mgumu uliogandia ndani ya silinda, au plagi sio za saizi yake, au taimingi, yani wakati wa plagi kutoa cheche, au petroli haifai kwa injini hiyo. Umesema umebadilisha plagi. Je, mlio ulianza kabla ya plagi au baada? Hujatuambia. Angalia maji ya rejeta kwanza, angalia kama injini inachemka, uangalie namba ya plagi mpya kama ndo ile iliyokuwa imetoka. Injini inayogonga hivyo ukiifumbia macho inatoboa pistoni, kwa hiyo sio ya kusema tutaona.

Na kama unasikia ko, ko, ko, nzito ya ndani kabisa inayofuata mizunguko, na taa ya oili inakonyeza, usikae kuandika barua gazetini, zima gari hapo hapo ulipo itafutwe ya kuivuta.

Mingine naipitia haraka. Kwiiii ya asubuhi ukiondoka ni mkanda, umelegea au umeng'aa. Tsi-tsi-tsi inayofuata injini, kali ikiwa ya baridi na inapungua ikishapata moto, hiyo ni ekzosi inavuja pale inapoungana na injini, chuma kikipata joto kinatanuka kinaziba ufa, na usiichekee kwa sababu ndani ya moshi ule kuna gesi ya sumu isiyo na harufu, inaweza kuingia ndani ya gari bila kukuonya. Uuuuu ya gari za kuvuta nyuma inayopanda ukikanyaga na kubadilika ukitoa mguu, waangalie difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, na oili yake kabla ya kitu chochote, na "ngo" ya kuondoka kwenye pikapu za nyuma angalia krosi, yani jointi, za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Hizo sizijui zaidi ya hapo, gari yangu haina propela.

Narudi kwenye 10,000 ya kusikiliza, ndo sababu hasa nimeshika kalamu. Barua ya ndugu yetu wa Tabora iliwatukana mafundi, wezi, wababaishaji, gereji bubu. Nami nilikuwa nawatukana hivyo hivyo. Lakini nilipokuwa uani kwa mzee nilimuuliza, mbona wenzako hawafanyi hivi, vipimo vyote hivi havihitaji hata mashine, chaki tu na masikio. Akanijibu kwa kuniuliza, wewe ulipofika kwa fundi wa kwanza, kama angekaa na gari yako saa zima, akazunguka nayo, halafu akakwambia bwana sio beringi, sijui bado ni nini, nidai 10,000 yangu, ungempa? Nikanyamaza. Nisingempa, ningemwambia hujafanya kitu. Sisi tunalipa spana, hatulipi sikio. Fundi asipofungua bolti kwetu hajafanya kazi, kwa hiyo ana watoto na yeye, atafungua bolti. Atatafuta kitu cha kubadilisha maana kwenye kubadilisha ndo kuna hela yake, na kwenye kununua spea kuna chochote pia, tusidanganyane. Tumewafundisha wenyewe kubahatisha halafu tunawaandikia barua magazetini.

Mzee alinisimulia kwamba zamani kwenye reli kulikuwa na mtu kazi yake ni kutembea kando ya treni ikiwa imesimama, ana nyundo yenye mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linajibu kama chungu kilichopasuka. Hafungui kitu, hakazi kitu, anagonga na kusikiliza, na mwisho wa mwezi anachukua mshahara wake kama wenzake, hakuna aliyemwambia hujafanya kazi. Magari ya treni yanapata mtu wa kuyasikiliza kwa mshahara, sisi gari ambayo mtu kaikopea tunataka isikilizwe bure.

Ninachoomba sio kikubwa. Wenye gereji wawe na bei ya kupima iliyo wazi, imeandikwa hata kwa mkaa ukutani, na mwenye gari akikubali wapande wote wawili gari ikalie mbele ya masikio ya fundi, sio kutikisa tairi na kutangaza hukumu. Na sisi wenye magari tuilipe hiyo hela bila kununa hata kama jibu ni kwamba hakuna kitu. Shule zetu za ufundi nazo, najua zinafundisha kufungua na kufunga injini vizuri, basi wapewe vijana hata wiki moja ya kuendeshwa kwenye gari mbovu huku wanaulizwa lini.

Yule fundi wa kwanza sina ugomvi naye, tunasalimiana, juzi kaniuliza ile gari ilikuwaje, nikamweleza habari ya chaki, akacheka sana, halafu akaniuliza taratibu, mzee alikuchaji ngapi kusikiliza? Nikamwambia. Akatikisa kichwa, sijui alikuwa anafikiria nini.

Zile beringi zangu za zamani ninazo bado, nzima kabisa, kama kuna mtu ana gari ya saizi hiyo aje tuongee. Ila sitaki kukudanganya, jana nikishuka kuelekea Kibirizi nimesikia kasauti kengine huko nyuma, ko-ko, kadogo, kwenye matuta tu, nikiwa na mafuta au sina, mwendo wowote. Nahisi ni jeki haijafungwa vizuri kwenye buti, nitaitoa kesho niiache nyumbani nipite matuta yale yale nisikie.

Ni mimi msomaji wako,
Mpanda Lumumba,
Mwanga, Kigoma